Jinsi ya kusoma eksirei ya meno yako kabla hujaanza kuogopa kila kitu cheusi

Shemeji yangu alinitumia picha saa tano usiku. Ni OPG, ile ndefu inayoonyesha taya zote mbili kama mtu anacheka bila midomo, na juu yake kachora duara jekundu kwa kidole afu chini kaandika "shem hii ni nini mbona nyeusi, ni kansa?" Mimi nimekaa miaka kibao kwenye chumba cha meno, nashika vifaa, napiga picha, nasimama nyuma ya dokta akizisoma, kwa hiyo ukoo mzima mtu akipigwa eksirei ya jino picha inaishia kwenye simu yangu. Nikaikuza nikaangalia. Alichokizungushia duara ni kitobo ambacho we unacho, mi ninacho, na babu yake alikuwa nacho. Ila kulikuwa na kitu kingine kwenye picha hiyohiyo ambacho alikipita kama hakipo, ntakirudia huko mbele.

Sasa sikufundishi udokta hapa. Nataka tu ukipewa picha yako uweze kuweka kidole mahali na kuuliza "hapa pakoje dokta", badala ya kuitikia ndiyo ndiyo afu unatoka nje unaanza kugugo.

Kwanza jua umeshika picha gani. Zipo ndogo, zile unawekewa kidubwasha mdomoni unaambiwa uma hapo usitikisike. Ndogo zenyewe ziko za aina mbili: moja inachukua meno mawili matatu kuanzia juu mpaka ncha ya mzizi, nyingine ni ya kuuma, unaona vichwa vya meno ya juu na ya chini yamekutana lakini mizizi imekatwa. Halafu ndo hiyo OPG, unasimama, unashika mikono ya mashine, inakuzunguka kichwa. Na kuna CT ya meno ambayo ni ya pande zote, hiyo huletewi mpaka kuwe na sababu. Hii nakwambia kwa sababu watu wanalazimisha picha ijibu swali ambalo sio lake. OPG ni nzuri kwa kuangalia taya zima, magego ya mwisho, meno ya mtoto yaliyo chini, uvimbe, kuvunjika. Lakini kwa tundu dogo katikati ya meno mawili OPG ni dhaifu, meno ya mbele kivuli cha uti wa mgongo kinayafunika, magego madogo yanapandiana. Ukitaka kujua kuoza kwa katikati, ni ile ya kuuma.

Pili, kulia na kushoto. Picha inasomwa kana kwamba mwenye meno kasimama mbele yako anakutazama, kwa hiyo upande wa kushoto wa skrini ni kulia kwake. Kwenye OPG nyingi kuna herufi R au L pembeni, R ni kulia. Ukiona jino limeharibika upande ambao hauumwi, kabla hujamtukana mtu hakikisha hujaisoma kinyume, na hakikisha aliyeipiga picha skrini kwa simu hakuigeuza. Na zile namba ambazo dokta anazisema harakaharaka usizidhanie ni siri. Mdomo umegawanywa vipande vinne: 1 ni juu kulia, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia. Namba ya pili ni jino la ngapi ukihesabu kutoka katikati ya mbele kwenda nyuma. Basi 46 ni chini kulia jino la sita, gego kubwa la kwanza. 38 ni gego la mwisho chini kushoto. Meno ya utoto yanaanzia 5 mpaka 8, kwa hiyo ukisikia 75 kwa mwanao usishtuke, hana meno sabini na tano.

Nyeupe, kijivu, nyeusi

Eksirei ni kivuli tu. Mionzi inapita, kinachoizuia kinatokea cheupe, kinachoiachia kinatokea cheusi. Chuma inazuia yote, ndo maana kuziba kwa zamani kwa rangi ya fedha, kofia za jino za chuma na skrubu zinawaka kama taa. Baada ya chuma inakuja enameli, lile gamba la nje, maana karibu 96% yake ni madini, ndo kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Ndani yake dentini, kijivu. Katikati kabisa kuna sehemu ya neva na damu, hiyo ni laini kwa hiyo ni nyeusi, inashuka kama mfereji mpaka ncha ya mzizi. Watu wengi wanaanza kuogopa hapo hapo! Wanauona ule mfereji wanasema jino limetoboka mpaka chini. Hapana, jino lisilo na huo mfereji ndo la kuulizia.

Mfupa wa taya unaonekana kama wavu wa dagaa, vijinyuzi vyeupe na matundu madogo meusi, matundu ya juu madogo zaidi kuliko ya chini. Hiyo ni sawa kabisa.

Sasa kuna vitu viwili ambavyo ukivielewa umeelewa nusu ya eksirei. Kuzunguka mzizi wote kuna uzi mwembamba mweusi, na nje ya huo uzi kuna mstari mwembamba mweupe. Uzi mweusi ni zile nyuzinyuzi zinazoshikilia jino kwenye mfupa, mstari mweupe ni ukuta wa shimo ambalo jino limekaa. Chukua picha yako, anza shingoni mwa jino, fuata uzi taratibu ushuke mpaka kwenye ncha, kisha urudi juu kwa upande wa pili. Ukiufuata wote bila kukatika wala kunenepa, huo mzizi una nafasi kubwa uko salama. Mi ndivyo nilivyofundishwa na dokta mmoja mzee, alikuwa anatukataza kuangalia doa kabla ya kufuata uzi, na mpaka leo sioni njia bora.

Kuoza

Tundu linatokea jeusi mahali palipotakiwa kuwa peupe. Katikati ya meno linaanza chini kidogo ya pale meno yanapogusana, kama pembetatu ndogo imechongwa kwenye enameli, kilele chake kinaelekea ndani. Likishafika kwenye dentini linatanuka, linakuwa kama uyoga, mlango mdogo na ndani ukumbi. Na kitu cha kukumbuka, mpaka uone weusi kwenye picha jino limeshapoteza kama 30% mpaka 40% ya madini ya pale, kwa hiyo tundu halisi siku zote ni kubwa kuliko la kwenye picha. Dokta akikwambia "kadogo tu" afu akichimba pakawa pakubwa, mara nyingi hajakudanganya.

Kinyume chake pia kipo. Shingoni mwa jino, kati ya enameli inapoishia na mfupa unapoanzia, hutokea ukanda mweusi ambao sio kuoza, ni kwamba pale jino ni jembamba na mionzi imepita kirahisi. Kingo zake zinafifia, na mara nyingi unaona meno kadhaa ya jirani yanao. Tundu la kweli lina umbo lake na ukichokonoa kwa kifaa unalisikia. Kuziba meno kwa zamani kwa rangi ya jino nako kunachanganya, vifaa vingine vya miaka ya nyuma vinatokea vyeusi kabisa kama tundu, kwa hiyo mwambie dokta kama liliwahi kuzibwa.

Ndugu zangu wa Arusha na Kilimanjaro mnisikilize. Meno ya kahawia ya maji yenye floraidi nyingi sio lazima yawe yameoza. Nimeona watu wanaficha mdomo miaka, wanaamini meno yote yamekwisha, ukipiga picha enameli inawaka nyeupe kila jino hakuna hata kitundu. Rangi haionekani kwenye eksirei. Yale yaliyoathirika sana yanaweza kuwa na vishimo kweli, hayo ni habari nyingine.

Ncha ya mzizi, hapa ndo penye maneno

Neva ikifa wadudu wanashuka na ule mfereji wanatokea kwenye ncha, mfupa unaliwa, na kwenye picha unaona kiduara cheusi kimening'inia kwenye mzizi kama tone. Ule mstari mweupe unakatika na uzi mweusi unamwagikia ndani ya duara. Ukiona hivyo kuna shida. Ila je ni jipu, ni kinyama cha uvimbe au ni mfuko wa maji? Picha peke yake haisemi, hata dokta mkubwa akikwambia kwa uhakika kwa kuangalia rangi tu anabahatisha.

Jambo jingine linalowakera wagonjwa: jino linauma tangu juzi, hulali, picha inapigwa, safi. Unasema mashine mbovu. Kumbe mfupa unachukua siku kadhaa mpaka kama wiki mbili kuliwa kiasi cha kuonekana. Maumivu yanafika kabla ya picha. Na mpasuko mwembamba wa jino nao mara nyingi hauonekani, unahitaji uwe umepasuka upande unaolingana na mionzi ndo uuone.

Sasa wale wanaojifanya ugonjwa. Chini ya magego madogo ya taya la chini, kila upande, kuna kitobo ambacho neva ya mdomo wa chini na kidevu inatokea. Kinakaa karibu kabisa na ncha ya mzizi wa 35 au 45 na kinafanana na jipu kama pacha. Hicho ndo shem alikizungushia duara. Mbele juu, katikati ya mizizi ya meno mawili makubwa, kuna kingine. Na juu ya magego ya juu kuna weusi mpana wenye ukingo mweupe, hiyo ni sainasi, ina hewa, mizizi inaonekana kama imezama ndani yake ila mara nyingi inapita pembeni tu. Utajuaje? Fuata uzi. Kama uzi na ukuta mweupe umezunguka ncha vizuri huku weusi umekaa juu yake, hicho ni kivuli kimepandiana tu. Dokta ataipiga tena kwa pembe tofauti kidogo, kitobo kinahama kutoka kwenye mzizi, jipu halihami. Au atakuwekea kitu cha baridi kwenye jino, ukiruka basi neva ipo hai.

Mfupa umeshuka kiasi gani

Hii watu hawaiulizi kabisa na ndo inayopoteza meno ya watu wazima. Angalia pale enameli inapoishia, afu angalia mfupa unaanzia wapi. Kwa mtu mzima ikiwa milimita 1 mpaka 2 chini, sawa. Ukiona mizizi imesimama wazi nusu kama nguzo za jeti maji yakipwa, fizi zako zinaumwa, hata kama haziumi. Ugaga mgumu nao unaonekana, vimiiba vidogo vyeupe vimetokeza ubavuni mwa jino. Kwa magego angalia pale mizizi inapogawanyika, pakiwa peusi mfupa umeshaliwa mpaka huko. Mfupa ulioshuka kwa kawaida haurudi wenyewe, unachoweza ni kuusimamisha hapo ulipo. Kwa wavutaji na wenye kisukari ningekuwa dokta ningeanza hapa kabla ya matundu.

Jino lililotibiwa mzizi

Ndani ya mfereji utaona mstari mweupe, ndo ile dawa iliyojazwa. Inatakiwa iende karibu na ncha, ikiishia milimita 2 au pungufu kabla ya ncha ni vizuri, iwe imejaa bila mapengo. Ikiishia nusu njia uliza. Ikitokeza nje ya ncha uliza. Ukiona kijiwaya cha kung'aa kimejisokota kama skrubu ndogo chembamba sana na hakuna mtu amekuambia chochote, inawezekana ni kipande cha kifaa kilichokatikia humo. Inatokea, hata kwa mikono mizuri, na jino linaweza kukaa nacho miaka, ila haki yako ni kuambiwa. Jirani yangu mmoja aliishi nacho hajui, akaja kugundua kwenye picha aliyopigwa kwa jino jingine kabisa. Na kiduara cheusi cha zamani hakipotei siku ya pili baada ya matibabu, ni miezi, wakati mwingine inavuka mwaka, kinachotakiwa ni picha kwa picha kiwe kinapungua. Ndo maana tunza picha za zamani! Omba faili lenyewe kabisa, picha ya skrini iliyopitia WhatsApp mara tatu haina kitu.

Watoto

Mzazi akiona OPG ya mtoto wa miaka saba lazima ashike kichwa. Meno yamejazana safu mbili kama punje za mahindi, mengine yamelala, mengine hayana mizizi. Ni kawaida, ya utoto yaliyobaki yapo nje na ya ukubwani yanasubiri ndani ya mfupa, mizizi ya utoto inayeyuka yenyewe ili kupisha. Kazi yako ni kuhesabu na kulinganisha kushoto na kulia, kama upande mmoja kuna chonge inayosubiri na upande wa pili haipo, uliza.

Na hapo kwenye chonge nina kinyongo. Kuna wanaopelekwa wachanga wana homa na kuharisha, wanaambiwa ni meno ya plastiki, fizi inachanwa na kile kijino kinachimbuliwa. Hakuna meno ya plastiki. Kilichotolewa ni chonge ya utoto ambayo haijakomaa, na miaka ikipita unapiga OPG unakuta pengo, au chonge ya ukubwani imeharibika umbo, na mama anakaa kimya kwa sababu anajua ni nini.

Uchafu wa picha na mionzi

Vua hereni, mkufu, pini za hijabu, vibanio, meno ya bandia, shanga za rasta. Kwenye OPG hereni ya kushoto inajichora mara ya pili upande wa kulia, juu zaidi, kubwa na yenye ukungu, nimeshaona mtu anaulizwa kama ana chuma shavuni.

Kuhusu mionzi, picha ndogo moja ni kama milisivati (kipimo cha mionzi) 0.005, wakati binadamu kwa wastani anapata kama 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Yaani picha ndogo haifiki hata mionzi ya siku moja ya kuishi tu, na OPG ni ya siku chache. Mwaka 1896 huko Ujerumani Otto Walkhoff alijipiga eksirei ya meno yake mwenyewe akakaa dakika 25 bila kutikisika, leo ni sehemu ya sekunde. Mjamzito sema mapema, picha ya lazima inaweza kupigwa, ya kungoja ingoje. Kuna sehemu hawakuvishi tena lile aproni zito, usigombane nao, chama cha madaktari wa meno wa Marekani mwaka 2024 kilisema halihitajiki tena kwa eksirei za meno. Kwa Tanzania mashine inatakiwa iwe na leseni ya TAEC, yaani Tume ya Nguvu za Atomi Tanzania, hiyo ndo ya kuulizia.

Turudi kwa shem. Nikamwambia achana na hicho kitobo, nenda nyuma kabisa upande huohuo. 38 yake imelala, kichwa kimeegemea mgongo wa 37, na pale vinapokutana kwenye 37 kuna weusi umeingia ndani ya dentini. Chakula kinajificha humo miaka, mswaki haufiki. Chini ya mzizi wa 38 kuna mistari miwili myeupe sambamba kama reli, katikati pameusi, hiyo ndo njia ya neva ya taya. Ukiona reli imekatika pale inapopita mzizi, au mzizi wenyewe umekuwa mweusi zaidi pale, au reli imepinda kuukwepa, maana yake vimekaribiana sana, na kung'oa kwa pupa kunaweza kukuacha na ganzi ya mdomo. Hapo ndo CT inapata sababu. Ya kwake ilikuwa imepita mbali, reli nzima.

Akauliza sasa 37 itapona? Nikamwambia kwenye OPG siwezi kukwambia na dokta naye asikwambie, aipige picha ndogo hapo tu. Kesho yake mchana ikaja, safari hii haina duara jekundu. Chini kaandika: "shem nimefuata uzi nimezunguka ncha zote mbili za 37 haujakatika, ila huo weusi umebakiza kiasi gani kufika kwenye neva, mbona naona kama milimita moja?"

Nikamjibu apige simu kwa dokta leo hii, asingoje mwisho wa mwezi.